Biashara Ikikwama Ghafla: Maswali ya Wafanyabiashara na Majibu Yake

Usiku wa Julai 10, 2021 moto ulilikamata jengo la Soko Kuu la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli iliyosimama katikati ya Dar es Salaam tangu miaka ya 1970. Soko limejengwa upya na kupanuliwa, lakini hilo lilichukua miaka, na mfanyabiashara hana miaka ya kusubiri. Ana pango la mwezi ujao, ada za watoto, marejesho ya mkopo, na wateja ambao baada ya wiki mbili watakuwa wameshazoea kununua kwa mwingine. Aliyekuwa na mzigo mle ndani alipoteza mzigo. Aliyekuwa ameacha na daftari la madeni aliwapoteza na wadaiwa wake.

Makala haya yanajibu maswali ambayo wenye maduka, karakana, migahawa na ofisi ndogo huuliza kuhusu kujipanga ili kazi iendelee siku mambo yakiharibika. Kampuni kubwa huita kujipanga huko mpango wa mwendelezo wa biashara.

Mpango huo ni kitu gani hasa? Si nina bima na kizima moto?

Kizima moto kinapunguza uwezekano wa kuungua. Bima inakulipa ukishaungua, tena baada ya ukaguzi, fomu na barua za kwenda na kurudi. Katikati ya hapo kuna wiki nyingi, pengine miezi, ambazo hakuna anayekulipa na hakuna anayekusubiri. Mpango wa mwendelezo ni wa kukuvusha kipindi hicho. Ni makubaliano ya maandishi: kazi gani za biashara yako hazitakiwi kusimama, zikisimama zirudi ndani ya muda gani, nani atafanya nini, akiwa wapi, kwa kutumia nini.

Kipo kiwango cha kimataifa kinachosimamia mambo haya, ISO 22301, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2012 na kurekebishwa 2019. Benki hubanwa na wasimamizi wao wawe na mpango wa namna hiyo na waujaribu. Wewe mwenye fremu hakuna atakayekuja kukukagua, ndiyo maana wengi hatuna.

Nina fremu moja na vijana wawili. Haya si mambo ya mabenki?

Benki ikiunguliwa na tawi, inabaki na mengine. Wewe ukiunguliwa na fremu, umeunguliwa na biashara nzima. Udogo unapunguza kurasa za mpango tu, haja iko palepale. Wa benki unaweza kujaza kabati. Wako utatosha kwenye karatasi mbili, na ya pili iwe ya namba za simu.

Nianzie wapi?

Usianze na majanga. Anza na kazi zako.

Chukua duka la samaki na kuku wa friza pale Mbagala: mama mwenye duka, wauzaji wawili, kijana wa bodaboda na friza nne. Wakae nusu saa jioni moja baada ya kufunga, waandike kila kinachofanyika tangu mlango unapofunguliwa. Kutunza baridi. Kupokea pesa. Kupokea samaki kutoka Mwanza na kuku kutoka kwa wafugaji. Kupeleka oda kwa mama ntilie na kwenye hoteli mbili. Kutoa risiti ya EFD. Kukumbusha wanaodaiwa. Kulipa mishahara. Kufunga hesabu za mwezi.

Halafu kila kazi waiulizie swali moja: hii ikisimama, tunaweza kukaa muda gani kabla hatujaumia kiasi cha kutoinuka?

Baridi ina saa zake, na zinafahamika. Friza iliyojaa, ikiachwa bila kufunguliwa, hushika baridi ya kutosha kwa saa 48 hivi. Iliyojaa nusu, saa 24 hivi. Kumbe hata kabla ya kuwaza jenereta, kufuli kwenye mfuniko wa friza ni sehemu ya mpango, kwa sababu muuzaji mwenye wasiwasi hufungua kila baada ya dakika 10 kuangalia kama samaki wameyeyuka, na kwa kufungua ndiyo anawayeyusha. Nafasi zilizo wazi zijazwe chupa za maji yaliyoganda.

Kupokea pesa kukisimama, nusu siku inatosha kuwafukuza wateja. Oda za hoteli zina siku moja tu: mpishi akikosa samaki leo atampigia mwingine, na huyo mwingine akimfaa, kesho hapigi tena kwako. Mzigo mpya unaweza kuchelewa siku tatu. Mishahara ina hadi mwisho wa mwezi. Hesabu za mwezi zikichelewa wiki mbili hakuna anayelala njaa.

Kwa nusu saa hiyo duka limepata mpangilio. Siku ya tatizo, mama mwenye duka hatapoteza asubuhi yake akihangaika na kompyuta ya hesabu wakati friza zinavuja. Bila mpangilio watu huokoa kilicho karibu na mlango: viti, feni, bango la tangazo.

Nitajuaje majanga yote yanayoweza kunipata?

Hutayajua, na kuyaorodhesha ni kupoteza muda. Nani mwaka 2019 aliandika kwamba dunia itajifungia ndani kwa sababu ya ugonjwa wa mapafu? Nani pale Kariakoo aliandika kwamba jengo la ghorofa litaporomoka asubuhi ya Novemba 16, 2024, liue watu zaidi ya 20, na shughuli za majirani zisimame kupisha uokoaji? Nani aliandika kwamba kuanzia siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, intaneti itazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa na wakazi wa Dar es Salaam watakatazwa kutoka nje usiku?

Vyanzo havihesabiki, ila unavyoweza kupoteza ni vichache: mahali pa kazi, watu, umeme, mawasiliano, mzigo, kumbukumbu, na fedha za kuzungusha. Panga kwa hivyo saba. Jiulize, “Kesho asubuhi siwezi kuingia dukani, nafanyaje?” bila kujali kama sababu ni moto, polisi, mafuriko au mwenye nyumba aliyebadilisha kufuli. Jibu ni lilelile, au karibu sawa.

Tena angalia kwamba ili upoteze mahali si lazima paharibike. Wakazi wa Dar es Salaam wanajua: Bonde la Msimbazi likijaa, barabara pale Jangwani hufungwa na mabasi ya mwendokasi husimama. Duka lako la mjini halijalowa hata tone, lakini mwenye funguo yuko Kimara na wateja wako Magomeni. Ufunguo wa pili kukaa kwa mtu anayeishi upande wa mjini ni suluhisho la bei ya ufunguo.

Umeme ukikatika nina jenereta. Hilo si limekwisha?

Limekwisha kama inawaka. Agosti 25, 2023 sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani, na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, wenye jenereta zake, ukawa na abiria gizani kwa sababu moja ya jenereta hizo iligoma kuwaka. Mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege aliondolewa kazini. Ikiwa uwanja mkubwa kuliko vyote katika nchi unaweza kukwama hivyo, jenereta yako ya petroli iliyokaa stoo tangu mwaka juzi nayo itazamwe.

Kinachoziangusha jenereta ni vitu vidogo. Petroli iliyokaa miezi mingi kwenye tangi huchacha na kuziba kabureta. Betri hufa. Kijana anayejua kuiwasha ana likizo. Na ukubwa hautoshi: friza inapoanza huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule ulioandikwa ubavuni, kwa hiyo jenereta inayoonekana kutosha friza nne kwa hesabu ya karatasi inaweza kuzimika friza ya pili inapowaka. Iwashe mara moja kwa mwezi, na uifunge mzigo wenyewe, si balbu moja. Friza ziwashwe moja baada ya nyingine.

Kwa usalama, mambo mawili hayana mjadala. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha, kwa kuwa moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Na fundi aliyesajiliwa akufungie swichi ya kubadilishia, ili umeme wako usirudi kwenye nguzo ukamuua fundi wa TANESCO anayedhani laini imezimwa.

Umeme pia unaweza kuwepo kwenye nguzo na wewe ukaukosa. Mei 2021 mfumo wa kununulia LUKU ulikwama kwa siku kadhaa, na waliozoea kununua uniti za elfu mbili mbili walibaki na mita iliyosoma sifuri. Wenye friza wasiishi hivyo. Weka uniti za wiki moja mbele, muda wote. Na hitilafu ya Gridi ya Taifa ya Aprili 1, 2024, iliyoiacha sehemu kubwa ya nchi bila umeme, ilionyesha kwamba kumtegemea rafiki wa mtaa wa pili akutunzie samaki si mbadala pale mtaa wake nao ukiwa gizani.

Intaneti ikipotea nitapokeaje malipo?

Hapa pana kosa ambalo hata kampuni zenye wataalamu hulifanya. Jumapili ya Mei 12, 2024 nyaya mbili za intaneti zinazopita baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Waliokuwa na laini za kampuni mbili walijiona wamejipanga, lakini kampuni zote mbili zikipitisha mawasiliano kwenye nyaya zilezile, una laini mbili na njia moja. Na nyaya zenyewe, ingawa zina majina tofauti, zilipita jirani kwenye sakafu ya bahari.

Swali hilo liulizwe kwa kila mbadala unaojivunia: je, unategemea kitu kilekile kilichoniangusha mwanzo? Stoo ya pili iliyo kwenye jengo lilelile haikusaidii jengo likiungua. Wasambazaji wawili wanaochukua mzigo kwa mtu mmoja ni msambazaji mmoja. Mume na mke ndio wenye saini mbili za benki, halafu wanasafiri gari moja.

Kwa malipo, kumbuka kwamba huduma za kubonyeza nyota na reli kwenye simu hupita mtandao wa simu na hazihitaji intaneti, hivyo intaneti ikipotea mara nyingi huendelea kufanya kazi. Wafundishe wauzaji kuzitumia badala ya programu pekee. Uwe na lipa namba ya mtandao wa pili. Tunza fedha taslimu kidogo, tena kwa noti ndogo, kwa ajili ya chenji, na kitabu cha risiti za mkono. Mashine ya EFD ikigoma, andika kila mauzo na uwape TRA taarifa kwa maandishi mapema. Ukisubiri waje wenyewe, maelezo yako yatasikika kama visingizio.

Kumbukumbu zangu ziko kwenye kompyuta na kwenye daftari. Nizilinde vipi?

Daftari la madeni lipigwe picha kila jioni, picha itumwe kwa mtu wa pili. Inachukua dakika moja na haigharimu kitu, na kwa maoni yangu ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote zilizomo humu. Fanya hivyohivyo kwa leseni, cheti cha TIN, mkataba wa pango, bima, risiti za friza na jenereta, na picha za duka lenyewe likiwa limejaa mzigo. Mkaguzi wa bima atazitaka.

Kwa kompyuta, mafundi wana kanuni ya nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe nje ya jengo. Ningeongeza: moja iwe haijaunganishwa na chochote. Sababu ni hadithi ya kweli ya kampuni ya meli ya Maersk. Juni 27, 2017 virusi vya kompyuta vilivyoitwa NotPetya viliingia kwenye mitandao yake na kufuta mashine duniani kote ndani ya muda mfupi. Maersk ilikuwa na seva nyingi zilizotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao, kila moja ikiwa nakala ya nyingine, na zote zilifutika pamoja kwa sababu zilikuwa zimeunganishwa. Ilisalia moja, katika ofisi ya Ghana. Umeme ulikuwa umekatika kule, seva imezimika, virusi havikuikuta. Data zake zilisafirishwa kwa ndege hadi Uingereza, na kampuni ikajengwa upya kuanzia hapo. Hasara ilikadiriwa kati ya dola milioni 250 na 300. Kwa mara moja kukatika kwa umeme Afrika kumeokoa shirika la Ulaya, nasi tusilitegemee hilo: chomoa diski ya nakala mwenyewe ukishamaliza kunakili, uipeleke nyumbani.

Na mzigo? Ninanunua kwa mtu mmoja, ananipa bei nzuri na ananikopesha.

Endelea naye, lakini mnunulie mwingine kidogo. Machi 17, 2000 radi ilisababisha moto kwenye kiwanda cha Philips huko Albuquerque, Marekani, kilichotengeneza vifaa vya ndani vya simu. Moto wenyewe ulizimwa ndani ya dakika chache, ila moshi na maji viliharibu vyumba ambamo haitakiwi kuingia hata chembe ya vumbi. Wateja wakubwa walikuwa wawili. Nokia walishtuka mapema, wakambana Philips na kutafuta vifaa kwingine. Ericsson walikuwa hawana kwingine. Walipoteza takriban dola milioni 400, na mwaka uliofuata biashara yao ya simu ikaunganishwa na ya Sony.

Msambazaji wa pili anayekufahamu, ambaye umeshawahi kumlipa hata mara chache, atapokea simu yako siku ya shida. Usiyemjua atakuuzia kwa bei ya shida, au hatakuuzia kabisa.

Mimi mwenyewe nikiugua au nikifa?

Hili ndilo swali ambalo watu hawalipendi, na ndilo linaloua biashara nyingi ambazo moto haujawahi kuzigusa. Kwetu kuzungumzia kifo chako mwenyewe kunaonekana uchuro. Matokeo yake mzee anafariki Jumanne, anazikwa Alhamisi, na Jumatatu duka halifunguliki kwa sababu hakuna anayejua wasambazaji wanadai nini, neno la siri la kompyuta ni lipi, wala ufunguo wa stoo ya Tandika uko wapi.

Kuna upande wa sheria ambao wengi wanaujua wakiwa wameshaumia. Jina la biashara ulilolisajili BRELA halikufanyi wewe na biashara kuwa watu wawili. Mbele ya sheria biashara ni wewe. Ukifariki, akaunti iliyo kwa jina lako hufungwa hadi mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na kabla ya hapo kuna kikao cha ukoo, maombi, tangazo na muda wa pingamizi. Ukoo ukiwa na mvutano, muda huo unarefuka. Wakati huohuo samaki wanaoza na vijana wanadai mshahara. Kinachofanyika mitaani ni mtu kutumia namba ya siri ya marehemu kutoa fedha kwenye simu yake. Nia inaweza kuwa njema, lakini ni kosa, na ni chanzo cha kesi nyingi za ndugu.

Kampuni iliyosajiliwa ni mtu kisheria, haifi na mwenye hisa. Kama biashara imekua, sajili kampuni, uwe na mkurugenzi mwingine, na akaunti iwe na watia saini zaidi ya mmoja ambao wanaweza kutosha bila wewe. Kama hujafika huko, zungumza na benki kuhusu akaunti ya pamoja, andika wosia, na hakikisha laini ya lipa namba imesajiliwa kwa mtu anayestahili, si kwa kijana aliyekuwa muuzaji miaka mitatu iliyopita ambaye sasa yuko Songea.

Ugonjwa ni mdogo kuliko kifo ila huja mara nyingi zaidi. Kila kazi muhimu iwe na mtu wa pili aliyewahi kuifanya kwa mikono yake. Kuonyeshwa tu hakutoshi. Njia rahisi ya kugundua nani hana mbadala ni kumpa kila mmoja wiki nzima ya likizo na simu yake isipigwe. Anza na wewe.

Bima inalipa hasara ya siku nilizofunga?

Bima ya moto ya kawaida hulipa vitu vilivyoungua. Mapato uliyoyakosa ukiwa umefunga yana bima yake, inayofuatana na ile ya mali, na mara nyingi haidaiwi mpaka mali yako yenyewe iwe imeharibika. Duka likifungwa kwa amri au kwa sababu jengo la jirani limeanguka, huenda usilipwe kitu isipokuwa mkataba umetaja hivyo. Mafuriko nayo mara nyingi huongezwa kwa malipo ya ziada. Soma, au umwombe wakala akuonyeshe kwa kidole ilipoandikwa.

Kuna mtego mwingine. Una mzigo wa shilingi milioni 40, ukaukatia bima ya milioni 10 ili ulipe kidogo. Ukaungua mzigo wa milioni 20. Wengi wanatarajia milioni 10. Kwa masharti ya kawaida utapata milioni 5, kwa sababu ulikatia bima robo ya thamani, basi unalipwa robo ya hasara. Mzigo ukiongezeka kuelekea sikukuu, mjulishe wakala kwa maandishi. Ukiona umedhulumiwa, malalamiko hupelekwa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini.

Na fedha za kuvukia?

Jumlisha pango, mishahara, marejesho na chakula cha nyumbani kwa mwezi mmoja. Hicho ndicho kima cha chini cha akiba ambayo haiguswi kwa ajili ya mzigo wa bei rahisi uliojitokeza. Na benki uiendee kabla hujakosa rejesho la kwanza. Afisa mikopo ana nafasi ya kupanga upya mkopo wa mtu aliyekuja mwenyewe.

Wateja niwaambie nini?

Ukweli, mapema, kupitia mtu mmoja: tumepata tatizo hili, oda yako itafika lini, ukihitaji piga namba hii. Orodha ya wateja wakubwa 20 iwe kwenye simu zaidi ya moja.

Nitajuaje mpango wangu unafaa?

Ujaribu. Siku moja ya wateja wachache, zima meni swichi saa nne asubuhi bila kumwambia mtu, ukae pembeni uangalie kwa saa moja. Utajua ufunguo wa stoo ya jenereta unakaa wapi, na kama unakaa. Siku nyingine waite watu wako, uwaambie: “Fremu imeungua usiku. Sasa hivi ni saa moja asubuhi, tuko nje, tunafanya nini?” Usiwasaidie. Andika kila mahali wanapokwama, maana hapo ndipo mpango wako una tobo. Hakikisha kila mmoja anajua namba ya Zimamoto, 114, bila kuitafuta, na njia ya kutokea ikiwa mlango wa mbele haupitiki. Watu hutangulia kutoka, mzigo unanunulika.

Mara ya kwanza jaribio litakwenda vibaya. Afadhali liende vibaya siku uliyoichagua wewe.

Niuandike wapi, na niupitie lini?

Karatasi mbili, kwa Kiswahili ambacho muuzaji wako anakielewa. Nakala moja dukani, moja nyumbani, picha yake kwenye simu za watu wawili au watatu. Ya kwanza iwe na kazi muhimu, muda wa kila moja, mhusika na mbadala wake, na mahali pa kukutania ikiwa dukani hapaingiliki. Ya pili iwe na namba: wasambazaji, wateja wakubwa, mwenye fremu, fundi umeme, wakala wa bima, afisa wa benki.

Upitie kila anapoondoka mfanyakazi, unapobadilisha msambazaji au unapohama fremu. Hata kama hakuna kilichobadilika, upitie mara mbili kwa mwaka: Februari, kabla ya Masika, na Septemba, kabla ya Vuli. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa kila msimu kabla mvua hazijaanza, na kuusoma ni bure.